Shughuli za Pamoja za Familia na Malezi ya Shukrani kwa Mtoto: Ushahidi wa Lugha na Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Kenya kumsikia mzazi akimwuliza mtoto aliyepewa kitu na mgeni, "Umesema nini?" Mtoto, ambaye macho na moyo wake vimekwisha kuhamia kwenye peremende iliyo mkononi, hujibu kwa sauti ya chini, "Asante." Mzazi huridhika, mgeni hutabasamu, na somo la shukrani huhesabiwa kuwa limekwisha. Miaka kumi baadaye mzazi yuyo huyo hulalamika kwamba mwanawe, ambaye sasa ni mwanafunzi wa shule ya upili, hupokea karo, sare na chakula kana kwamba vitu hivyo huchipuka vyenyewe kama uyoga baada ya mvua. Mtoto huyo hajasahau neno asante. Hulitamka kila siku. Kilichopotea basi ni nini?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuzingatia ushahidi unaopatikana katika lugha na fasihi ya Kiswahili. Hoja inayoendelezwa ni kwamba shukrani hutangulia kuwa tendo kabla ya kuwa neno, na kwamba mtoto huipata anaposhiriki katika kazi ambayo matunda yake anayala. Mtoto asiyejua tendo alilotendewa hawezi kulishukuru. Anachoweza ni kukariri tu. Kwa hiyo shughuli za pamoja za familia, yaani kupika, kuvuna, kumpelekea jirani chakula na kusimuliana hadithi, ndizo darasa la kwanza la shukrani, na neno asante ni cheti tu kinachotolewa mwishoni mwa darasa hilo.

2.0 Shukrani katika Msamiati wa Kiswahili

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno asante limetokana na Kiarabu ahsanta, lenye maana ya 'umefanya vyema'. Katika asili yake, basi, neno hili halielezi hisia za msemaji. Ni sifa anayopewa mtendaji kwa tendo lake. Kiswahili kililipokea neno hilo na kulitia katika mfumo wake, hata likaweza kuchukua kiambishi -ni cha wingi tunapowashukuru watu wengi: asanteni. Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili hakiko peke yake katika njia hii. Wakikuyu husema nĩ wega, maneno ambayo kisisisi yana maana ya 'ni vyema'. Lugha hizi mbili, ingawa zimepitia njia tofauti, zimekutana mahali pamoja: anayeshukuru kwanza hulitambua jema lililotendwa.

Kitenzi shukuru, ambacho pia kina asili ya Kiarabu, kinakwenda mbali zaidi. Asante ni kihisishi. Kinaweza kusimama peke yake bila kumtaja mtu wala jambo. Shukuru ni kitenzi kinachoweza kuchukua yambwa. Anayesema "nakushukuru" au "namshukuru" hana budi kumweka anayeshukuriwa ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi ku au m. Tena, msikilizaji hutarajia kusikia neno kwa baada yake: nakushukuru kwa nini? Sarufi inampa msemaji nafasi ya kumtaja mtu na kutaja sababu. Mtoto anaweza kusema asante akiwa anatazama runinga. Ni vigumu zaidi kusema "nakushukuru, mama, kwa kunisubiri" bila kumwona mama aliyesubiri.

Msamiati wa upande wa pili una uzito wake pia. Asiye na shukrani huitwa mtovu wa shukrani, na aliyetendewa wema akaukana huitwa mwizi wa fadhila. Sitiari hii ya wizi si ya bure. Inaonyesha kwamba katika fikra za Waswahili fadhila ni kama amana: aliyepokea amebeba kitu cha mwenziwe, na akijifanya hakubeba kitu, amekiiba. Neno kufuru nalo, ambalo kwa kawaida hutumiwa katika muktadha wa dini, hubeba pia maana ya kuidharau neema na kutoishukuru. Hivyo basi lugha yenyewe inakataa kuiweka shukrani katika orodha ya mapambo ya adabu. Inaichukulia kuwa suala la haki baina ya watu.

3.0 Shukrani kama Tendo-uneni

Katika taaluma ya pragmatiki, kushukuru ni mojawapo ya matendo-uneni yaliyochambuliwa mapema. J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda. John Searle (1969) aliliendeleza wazo hilo kwa kuorodhesha masharti ambayo lazima yatimizwe ili tendo-uneni fulani lifaulu. Kuhusu kushukuru, masharti hayo yanaweza kuelezwa hivi. Sharti la maudhui ni kwamba pawe na tendo lililopita ambalo lilitendwa na msikilizaji. Sharti tangulizi ni kwamba tendo hilo limemfaidi msemaji, naye anaamini kwamba limemfaidi. Sharti la unyoofu ni kwamba msemaji anahisi shukrani kwa tendo hilo. Sharti msingi ni kwamba usemi wake uchukuliwe kuwa onyesho la hisia hiyo.

Tuyatumie masharti haya kumpima mtoto wa miaka sita anayewekewa mezani sahani ya ugali, sukuma wiki na maharagwe. Anaambiwa aseme asante, naye anasema. Je, tendo-uneni limefaulu? Sharti msingi limetimizwa, kwa kuwa wote waliopo wamelichukua neno lake kuwa shukrani. Sharti tangulizi huenda limetimizwa, iwapo ana njaa. Lakini sharti la maudhui lina kasoro kubwa. Mtoto anaiona sahani, halioni tendo. Hakuwapo maharagwe yalipochambuliwa, yakalowekwa, yakachemshwa kwa saa kadhaa. Hakuiona mboga ikinunuliwa, ikaoshwa na kukatwa. Kwake yeye, chakula kimetokea. Na pasipokuwa na tendo, sharti la unyoofu halina pa kushika: mtoto atahisije shukrani kwa jambo ambalo hajui kwamba lilitendwa?

Uchunguzi wa ujifunzaji wa lugha unaelekea kuliunga mkono jambo hili. Greif na Gleason (1980), walipochunguza namna watoto wadogo wa Marekani walivyotumia maneno ya kusalimu, kushukuru na kuaga, waligundua kwamba neno la shukrani ndilo lililotamkwa kwa nadra zaidi bila ya mtoto kuhimizwa na mzazi. Linaweza kutajwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni dhahiri: mtu anayeingia na mtu anayetoka huonekana kwa macho, ilhali wema uliofichika nyuma ya zawadi hauonekani mpaka mtoto afundishwe kuuona.

Hapa ndipo shughuli za pamoja zinapoingia. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky (1896–1934) alisisitiza kwamba kile ambacho mtoto anaweza kukifanya leo akisaidiwa na mkubwa wake, ndicho atakachokifanya kesho peke yake. Kwa kawaida kauli hiyo hutumiwa kueleza jinsi mtoto anavyojifunza kuhesabu au kusoma. Lakini inahusu pia maadili. Mtoto anayefanya kazi bega kwa bega na mamake au babake huona jasho, huona subira, huona makosa yakirekebishwa. Tendo lililokuwa limefichwa jikoni linafunuliwa mbele yake, na sharti la maudhui linapata kutimizwa.

4.0 Shughuli za Pamoja kama Darasa la Shukrani

4.1 Jikoni na shambani

Kuchambua maharagwe ni kazi ndogo. Ungo unawekwa mezani, maharagwe yanamwagwa, na vidole vinatafuta vijiwe, maganda na punje zilizooza. Mtoto wa miaka mitano anaiweza kazi hii, na kwa kuwa macho yake ni makali, mara nyingi huiweza kuliko mkubwa. Anapokipata kijiwe na kukionyesha kwa fahari, mzazi mwenye busara humwambia: "Kijiwe hiki kingemvunja babu jino." Kwa maneno hayo machache mtoto amepewa mambo mawili. Amejua kwamba chakula kisicho na kijiwe ni kazi ya mtu, na amejua kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa mtu huyo.

Jambo hili la pili ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Wazazi wengi hudhani kwamba kumfundisha mtoto shukrani ni kumfundisha kupokea vizuri. Ukweli ni kwamba mtoto huielewa shukrani kwa undani anapoipokea yeye. Jioni, familia inapoketi kula, na baba akasema mbele ya wote, "Leo tumeshukuru, maharagwe yamechambuliwa yakachambulika," mtoto huonja utamu wa kutambuliwa. Siku nyingine anapokula chakula kilichopikwa na dadake, anajua ni nini dadake angependa kukisikia. Shukrani imeacha kuwa amri ya wakubwa ikawa ni jambo la kutendeana.

Mifano ni mingi na hutofautiana kulingana na mahali. Katika nyumba za pwani, mtoto aliyeketi juu ya mbuzi akaikuna nazi moja hadi kifuu kikabaki kitupu, kisha akatazama jinsi tui zito linavyokamuliwa kwanza na tui jepesi baadaye, hataulizwa tena kwa nini wali wa nazi haupikwi kila siku. Katika nyumba za bara, mtoto anayekwenda kwa nyanya yake wakati wa likizo ya Desemba na kupukuchua mahindi mpaka vidole vikamwuma, hurudi mjini akiwa na maana mpya ya pakiti ya unga inayonunuliwa dukani. Hahitaji mhadhara. Vidole vyake vimemfundisha.

Ikumbukwe pia kwamba kabla ya neno kuna ishara ya mwili. Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hufundishwa kupokea kwa mikono miwili; katika nyumba za Waswahili husisitizwa mkono wa kulia. Mtoto ambaye bado hajui kusema vizuri huweza kuitekeleza adabu hiyo. Hili ni thibitisho jingine kwamba malezi ya jadi hayakuanza na ulimi.

4.2 Sahani ya jirani

Shughuli ya pili ni ile ya kupelekeana chakula. Katika mitaa ya Waswahili, hasa mwezi wa Ramadhani, si ajabu kuwaona watoto jioni wakipita kichochoroni wakiwa na sahani za futari zilizofunikwa kwa kawa. Anayetumwa ni mtoto, na kutumwa huko ni somo. Yeye ndiye anayebisha hodi, ndiye anayesema "Mama amesema mfuturu kwa hiki," na ndiye anayepokea shukrani na dua kwa niaba ya nyumba nzima. Kwa dakika chache mtoto huyo ni balozi wa ukarimu wa wazazi wake.

Somo halimaliziki hapo. Desturi inaagiza kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Siku mbili tatu baadaye sahani ileile hurudi na vitumbua, au maembe, au hata vijiko vichache vya sukari kwa yule asiye na kitu kingine. Mtoto anayeibeba sahani kwenda na kurudi huelewa bila kuelezwa kwamba shukrani ina mwendo: hutoka, hukaa, hurudi. Anaelewa pia kwamba kinachorudishwa si malipo, kwa kuwa maembe mawili hayalingani na sahani ya biriani, na hakuna anayepima. Kinachorudishwa ni ukumbusho kwamba wema haukupotea njiani. Methali isemayo wema hauozi hupata maana kamili katika mikono ya mtoto huyu kuliko katika kitabu chake cha mazoezi.

4.3 Hadithi za jioni: mfano wa Sultani Darai

Kusimuliana hadithi ni shughuli ya pamoja inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani ndani yake tendo na neno hukutana. Paukwa! Pakawa! Familia inakusanyika, na anayesikiliza ana kazi ya kuitikia. Katika hazina ya hadithi za Kiswahili, ipo moja ambayo inaweza kuitwa hadithi kuu ya shukrani na utovu wake, nayo ni ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizozipokea kwa wasimulizi wa Unguja.

Kwa ufupi, kuna maskini anayeishi kwa kuparua jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula, ananunua paa. Paa huyo anageuka kuwa mfadhili wake mkubwa. Kwa werevu wake anamwozesha maskini binti wa sultani, anamtafutia nguo, nyumba na utajiri. Kisha paa anaugua. Analala chini na kumtuma bibi kizee kwa bwana wake, aliye orofani pamoja na mkewe, amweleze kwamba hali yake ni mbaya. Jibu analoletewa ni kwamba apikiwe uji wa mtama. Bibi kizee anapanda na kushuka akitoa habari na kurudisha majibu ya dharau, huku akilia. Mke wa bwana anamsihi mumewe bila mafanikio, kisha anamhudumia paa kwa siri. Paa anakufa, maiti yake inatupwa kisimani, na mwishowe yule bwana anaamka na kujikuta yuko palepale jaani, akiparua kama zamani.

Kwa kawaida hadithi hii hufundishwa kama onyo dhidi ya utovu wa fadhila, na hilo ni sahihi. Lakini ukiitazama kwa makini, ina jambo la kina zaidi. Msimulizi amewapanga wahusika wake kwa ngazi. Bwana yuko juu, paa yuko chini, na kati yao kuna mjumbe. Bwana hashuki hata mara moja kumtazama mgonjwa. Habari za maumivu ya paa humfikia kama maneno tu, na maneno hayo hayamgusi. Bibi kizee, ambaye hakupata utajiri wowote kutoka kwa paa, ndiye anayelia. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyemwona na kumshika. Machozi yake yanatokana na ukaribu wake na kazi ya kuuguza. Bwana naye si kwamba alizaliwa mbaya. Aliwahi kumlisha paa kwa punje alizoziokota mwenyewe, na wakati huo alimpenda. Shukrani yake ilikufa pale alipoacha kushiriki, akaketi orofani, akatumiwa na kutuma.

Usomaji huu unaiweka hadithi ya Unguja ya karne ya 19 katikati ya sebule ya leo. Mtoto anayeletewa kila kitu alipoketi, ambaye chakula chake, nguo zake na viatu vyake vimepitia mikono asiyoiona, amekwishapandishwa orofani. Si ajabu kwamba hasikii kilio kilicho chini. Na dawa inayopendekezwa na hadithi ni moja: ngazi zishukwe.

5.0 Methali: Wajibu wa Mtoaji na wa Mpokeaji

Wanafunzi wa methali huweza kuona mgongano katika hekima ya Kiswahili kuhusu shukrani. Upande mmoja kuna methali, tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Upande wa pili kuna shukrani ya punda ni mateke, ambayo humlaumu vikali asiyeshukuru. Ikiwa shukrani haifai kungojwa, kwa nini asiyeitoa alaumiwe?

Mgongano huo hutoweka mara tu tunapouliza kila methali inasemwa na nani, kwa nani. Ya kwanza huelekezwa kwa mtoaji, humwonya asiugeuze wema kuwa biashara. Ya pili huelekezwa kwa mpokeaji, humwonya asiugeuze wema kuwa haki yake ya kuzaliwa. Jamii imegawa wajibu mara mbili: anayetoa asidai, anayepokea asisahau. Uhusiano hukaa sawa pale tu ambapo kila mmoja anaishika methali yake na hashiki ya mwenziwe. Mpokeaji anayemwambia mtoaji "tenda wema nenda zako" ni mwizi wa fadhila. Mtoaji anayemwambia mpokeaji "wewe ni punda" kila siku amekwisha kuuza wema wake.

Maana ya hili kwa malezi ni kwamba mtoto anahitaji kuzijua nafasi zote mbili. Katika familia ambayo mtoto ni mpokeaji tu, atafundishwa methali moja na hataielewa. Katika familia ambayo kila mmoja hutoa kadiri ya uwezo wake, mtoto atapokea asubuhi na kutoa jioni, na methali zote mbili zitamhusu.

6.0 Mipaka na Tahadhari

Hoja ya makala haya isichukuliwe kuwa ni wito wa kumtumikisha mtoto. Zipo tahadhari tatu ambazo ni lazima zitajwe.

Kwanza, kazi isiyolingana na umri wa mtoto, au inayotolewa kama adhabu, huzaa kinyongo badala ya shukrani. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999, una sifa ya pekee ya kutaja wajibu wa mtoto pamoja na haki zake. Kifungu cha 31 kinamtaka mtoto afanye bidii kwa ajili ya mshikamano wa familia, awaheshimu wazazi na wakubwa wake na kuwasaidia wanapohitaji. Lakini kinaweka sharti la kuzingatia umri na uwezo wake. Kigezo kingine ni neno pamoja. Mtoto anayeosha vyombo peke yake huku wengine wakitazama runinga hafundishwi shukrani. Anafundishwa kwamba mnyonge ndiye anayefanya kazi.

Pili, kuna suala la jinsia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na mama wa Pate kwa ajili ya binti yake, ni kielelezo mashuhuri cha mzazi kumketisha mtoto karibu naye na kumrithisha maadili. Ndani yake binti anafundishwa juu ya radhi za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Ukaribu wa mama na mtoto katika utendi huo ni wa kuigwa. Hata hivyo, msomaji wa leo hawezi kukosa kuona kwamba wajibu wa nyumbani umewekwa mabegani mwa binti. Nyumba nyingi bado zinaendeleza mgawo huo: msichana hupika, mvulana hupakuliwa. Kwa mujibu wa hoja iliyotolewa hapo juu, anayepata hasara ya kimaadili katika mgawo huo ni mvulana vilevile, kwa kuwa ananyimwa nafasi ya kulijua tendo. Kesho atakuwa mume anayekula bila kuona. Ikiwa shukrani hufundishwa jikoni, basi mlango wa jikoni ufunguliwe kwa watoto wote.

Tatu, shukrani isitumiwe kama kufuli la mdomo. Mtoto anayelalamikia jambo la haki na kujibiwa, "Shukuru, kuna wasio na chochote," anajifunza kwamba shukrani ni jina jingine la kunyamaza. Mtoto mwenye shukrani anaweza kuuliza, na anaweza kukosoa. Jambo hili linahusu pia wasaidizi wa nyumbani. Mtoto akiwaona wazazi wakimshukuru yaya kwa maneno mazuri huku mshahara wake ukicheleweshwa, atajua kwamba asante inaweza kutumiwa badala ya haki. Wazazi hawana budi kuitimiza haki kwanza, kisha washukuru. Na mtoto amwite yaya kwa jina la heshima linalotumika nyumbani humo, atandike kitanda chake mwenyewe, na amsaidie palipo na kazi ya kusaidiana.

7.0 Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa nchini Kenya mwaka 2019, unasisitiza maadili na unatarajia wazazi washirikishwe katika ujifunzaji wa watoto. Nia hiyo ni njema, ijapokuwa yamesikika malalamiko ya mara kwa mara kwamba baadhi ya kazi za nyumbani hugeuka kuwa kazi za wazazi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuitekeleza nia hiyo bila gharama yoyote, kwa kutumia sarufi aliyo nayo tayari.

Kauli ya kutendea ni mfano bora. Mwanafunzi huambiwa kwamba kauli hii huonyesha tendo kufanywa kwa ajili ya mtu, kisha hupewa orodha: pika, pikia, fua, fulia, chota, chotea. Zoezi hukamilika na maadili hayaguswi. Linganisha sentensi mbili: "Nakushukuru kwa chakula" na "Nakushukuru kwa kunipikia." Ya kwanza inashukuru kwa kitu. Ya pili inashukuru kwa tendo, na ndani ya kitenzi kimoja mna mtendaji anayedokezwa, mtendewa ni, na kiambishi -i- kinachosema kwamba tendo lilikuwa kwa ajili yake. Inaweza kusemwa kwamba kauli ya kutendea ndiyo sarufi ya shukrani. Mwalimu awaombe wanafunzi washiriki shughuli moja nyumbani na waizungumzie kesho yake kwa sentensi tano za kauli hii: kunichotea, kunifulia, kuningojea, kuniamshia, kunitafutia. Atakuwa amefundisha mnyambuliko wa vitenzi, na mwanafunzi atakuwa amelazimika kutazama nani alimtendea nini.

Vivyo hivyo katika insha. Mada kama "Umuhimu wa shukrani" huzaa kurasa za methali zilizokaririwa. Mwanafunzi akiombwa aandike jinsi chakula cha jioni cha siku fulani kilivyopatikana, akitaja kila mkono kilichopitia kutoka shambani au sokoni hadi kwenye sahani yake, atalazimika kuuliza, na kwa kuuliza atazungumza na watu wa nyumbani mwake. Hadithi ya Sultani Darai nayo inaweza kuigizwa darasani, na swali la mjadala likawa: kwa nini bwana hakushuka?

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lugha ya Kiswahili inaifahamu shukrani kama utambuzi wa tendo jema, na kwamba msamiati wake, sarufi yake, methali zake na hadithi zake zote huelekeza upande huo. Imedhihirika kuwa mtoto anayefundishwa neno pasipo tendo hutimiza sharti moja tu kati ya yale yanayohitajika ili tendo-uneni la kushukuru lifaulu, na kwamba shughuli za pamoja za familia ndizo zinazoyakamilisha mengine. Tahadhari zimetolewa dhidi ya kazi za kupita kiasi, ubaguzi wa jinsia na matumizi ya shukrani kunyamazishia watu.

Nyumba za leo hazifanani na za zamani. Wazazi wengi wa mjini hutoka alfajiri na kurudi usiku, na watoto wengi huishi katika shule za bweni sehemu kubwa ya mwaka. Haitegemewi kwamba kila familia itatwanga, itavuna na kusimulia hadithi kila siku. Lakini ungo mmoja wa maharagwe Jumamosi asubuhi unawezekana, na sahani moja kwa jirani inawezekana. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mzazi anayemwuliza mtoto "Umesema nini?" hajakosea, ila swali hilo litangulie kufuatana na jingine: "Njoo, tufanye pamoja." Mtoto aliyeitikia wito huo, siku moja atasema asante bila kuulizwa, na atakapoisema atakuwa anajua ni kwa nini.